Kata ya Mwenyekiti

Zita hakusimama. Digna alikuwa langoni na ndoo yake ya maziwa, kitambaa cheupe juu yake, kama alivyosimama kila asubuhi tangu aolewe pale Ngoroshi. Zita akapita na keni yake ya maziwa kichwani, macho mbele, kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa mkali.

"Zita," Digna aliita. "Umenisahau."

Zita alisimama alipokwisha kupita, mbali kiasi cha kulazimu mtu apaze sauti. Alikuwa katibu wa kikundi cha maziwa cha akina mama, mwanamke mpana wa mabega, asiyependa kurudia neno.

"Sijakusahau, Mama Aika. Ni yule mnunuzi wa mjini. Kasikia."

"Kasikia nini?"

"Kwamba mumeo alikuwa mlimani na wale Wazungu."

"Baba Aika yuko mlimani na Wazungu tangu wewe hujaolewa."

"Wale wa zamani hawakuwa na korona."

"Haya ni maziwa ya ng'ombe, Zita. Ng'ombe hajapanda mlima."

"Najua." Zita aliishika keni kwa mkono mmoja isiyumbe. "Lakini maziwa yakishaingia humu hayana jina. Akikataa ya kwako, amekataa ya wote. Na hao wengine nao wana watoto. Nivumilie kidogo, mambo yapoe."

Akaenda zake. Digna alibaki na ndoo mkononi mpaka mvuke ulipokoma kwenye kitambaa, kisha akarudi ndani ya migomba.

Masika yalikuwa yameanza, mwaka ule wa korona. Herbert, mumewe, aliongoza wageni Kilimanjaro, na kundi lake la mwisho lilikuwa la Wajerumani walioshuka mbio kuwahi ndege. Mmoja wao alikohoa njia nzima. Herbert mwenyewe ndiye aliyelisema hilo, kilabuni, akicheka, maana kule juu kila mtu hukohoa: hewa ni nyembamba na baridi inakata. Alilisema kama kichekesho. Lilipovuka mto halikuwa kichekesho tena, na lilipofika mjini kwa mnunuzi wa maziwa, Mjerumani alikuwa ameshakufa. Mjerumani mwenyewe wakati huo alikuwa kwao, na alimtumia Herbert picha akiwa na mbwa wake. Herbert aliionyesha picha ile kwa kila aliyekubali kusogea. Waliokubali hawakuwa wengi. Wiki ya tatu ilikuwa inakatika na hakuwa amepata hata mafua.

*

Hakuna aliyewatukana. Hilo ndilo lililomchosha Digna, kwamba hapakuwa na tusi la kulijibu.

Tito, mwenye duka la pale njia panda, aliweka beseni la maji ya sabuni mbele ya dirisha lake. Digna alipotoa noti, Tito alimwonyesha beseni kwa kidevu. Noti ikaoga. Aliyekuwa nyuma yake alitoa noti yake, Tito akaipokea kwa mkono na kuitia mfukoni.

"Yake haiogi?" Digna aliuliza.

"Yake haijasafiri, shemeji," Tito alisema, na waliokuwa kibarazani wakatazama chini wasicheke.

Jumapili usharikani, mzee wa kanisa alipima kwa fimbo nafasi kati ya mtu na mtu. Benchi la Digna halikuhitaji fimbo. Na shule zilipofungwa, Aika, mtoto wao wa pekee, alikuwa kwa shangazi yake, huko Shirimatunda. Shangazi alipiga simu kusema mtoto abaki huko kwanza. Hakusema hiyo kwanza inaisha lini.

Maziwa waliyokosa kuuza waliyanywa, wakagandisha, wakampa ndama, na bado yalibaki. Chumvi na sabuni hazinunuliwi kwa mtindi. Mlima ulikuwa umefungwa na ofisi iliyomwajiri Herbert haikupokea simu. Basi akaanza kushuka mjini, mtaa wa Soweto, ambako palikuwa na ghala la vifaa vya ujenzi linalotafuta wa kushusha saruji. Mjini hakuna aliyemjua, na kwa hiyo hakuna aliyemwogopa. Alirudi jioni mweupe wa vumbi mpaka kope.

"Mnanawa huko?" Digna alimuuliza.

"Tuna jagi moja la maji. Tunalinywa, hatulinawi."

"Wote jagi moja?"

"Ulitaka kila kuli aje na glasi yake?"

*

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa Sifael, mzee aliyewahi kuwa karani wa mizani wakati kahawa bado ilikuwa kahawa. Watu walimchagua kwa sababu hakuwahi kumpunja mtu kilo. Tangu janga lianze alipita kila jioni na kipaza sauti cha ofisi ya kijiji, akisoma maelekezo yaliyotoka wilayani: nawa mikono, msishikane mikono, msikae karibu karibu, msichangie vyombo. Akimaliza kusoma alikunja karatasi na kuongeza ya kwake: "Ndugu zangu, msihofu. Ngoroshi tuko salama. Msimtenge mtu." Sauti yake ilikuwa nzito na tulivu, na wapo waliosema wakiisikia hulala vizuri.

Digna alimkuta kibarazani pake akimsugua mkewe mgongo. Mkewe ana pumu, na msimu wa mvua haumpendi.

"Shikamoo, meku. Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Aika. Karibu, kaa." Alimwonyesha kigoda kilichokuwa upande wa pili wa kibaraza, kisha akaona alichokifanya, akainuka akakisogeza karibu kidogo. Si sana.

"Meku, mimi nimekuja kukushitakia wewe kwako."

"Nimekosa nini?"

"Unatangaza tusitengane. Watu wanakusikiliza, wanaitikia, halafu wananipita langoni. Maziwa yangu yananywewa na ndama."

"Nimesema kila siku, mwanangu."

"Umesema. Ndiyo maana nakuambia kusema hakutoshi."

Mkewe ndiye aliyesema, kwa pumzi fupi fupi: "Anasema kweli, Sifael. Hata wewe kigoda umekiweka mbali."

Sifael alitazama kile kigoda kwa muda. Alikuwa mtu wa mizani. Jambo lilimwingia pale tu alipoliona likielemea upande mmoja.

"Herbert ana mbege nyumbani?"

"Mama mkwe anaweza kupika."

"Mwambie apike. Jumapili ijayo, baada ya ibada ya pili, nitakuja kwenu. Nitaita na watu. Nitakaa na Herbert, tutakunywa kwa kata moja, yeye na mimi, mbele ya macho yao. Mtu akiikataa kata yako amekuita mchawi. Akiinywa, yamekwisha. Kesho yake Zita atasimama langoni mwako."

Digna alianza kuinuka kushukuru, akakaa tena. "Lakini meku, si umetangaza tusichangie vyombo?"

"Nimesoma, sikutangaza. Karatasi ile imeandikwa na watu wasiomjua Tito."

*

Bibi Magdalena, mama yake Herbert, aliipokea kazi ile ya pombe kama bibi harusi anavyopokea kanga. Alizipika ndizi mbivu mpaka zikawa nyekundu, akaziacha zichachuke, akachemsha magome ya msesewe kwa ajili ya uchungu, akapika uji wa ulezi. Kwa siku zile mgongo wake uliacha kumuuma. Aliimba. Njia ya kupita kwao ilijaa harufu ya mbege, na watu waliokuwa wakipita upande wa pili wa barabara walianza kupita upande huu.

"Mama Aika, naona kuna sherehe," jirani mmoja alisema juu ya uzio wa masale.

"Mwenyekiti anakuja."

"Tumesikia. Tutakuja kuona."

Hakusema kunywa. Lakini alisema kuona, na kwa mwezi mzima hakuna aliyetaka hata kuona. Jumamosi jioni Zita mwenyewe alisimama langoni, akiwa hana keni, akasema kwa ile sauti yake kavu: "Kesho kutwa uwahi kukamua. Gari la mjini linapita mapema siku hizi."

Digna aliosha ndoo ile jioni mara mbili, ingawa ilikuwa safi.

Jumapili alfajiri, Bibi Magdalena aliipeleka kata ya kwanza kwa mwanawe kitandani, amwonjee. Herbert alionja, akatazama ndani ya kata, akaonja tena.

"Mama, umesahau msesewe?"

"Nimesahau?"

"Haina uchungu. Wala haina utamu. Ni kama maji."

Bibi alimnyang'anya kata. "Nimepika mbege kabla baba yako hajanioa," alisema akitoka. "Leo nafundishwa na mbeba saruji."

Digna, aliyekuwa akifunga kitenge, alicheka kidogo. Kisha akainama kuvuta shuka, mkono wake ukamgusa mumewe mgongoni, na kicheko kikaisha. Mgongo ulikuwa kama figa.

"Unachemka."

"Ni saruji. Jana tumeshusha malori kwenye jua."

"Saruji haimtetemeshi mtu."

"Basi malaria." Alikohoa, kikohozi kikavu, na akakimalizia ndani ya mto. "Malaria ni yetu, si ya Wazungu."

"Inawezekana. Nikamwambie Mwenyekiti aahirishe?"

Herbert alikaa kitandani. Alikuwa mtu wa maungo makubwa, aliyewahi kumbeba mgeni mgongoni kutoka kambi ya juu usiku wa theluji, na sasa alikaa ameshika magoti kama mtoto anayesubiri kiboko.

"Ukimwambia leo naumwa, watasema tulijua. Hakuna atakayesimama hapo langoni tena, mwaka huu wala mwakani. Mtoto wetu hatarudi hapa. Yule mzee ametuwekea siku moja tu, Mama Aika. Moja. Niache leo niwe mzima. Nitaumwa kesho."

Digna hakujibu. Herbert alichukua kimya chake kama ndiyo, kama wanaume wengi wanavyochukua, akainuka kutafuta shati la ibada.

*

Walikuja wengi kuliko walioalikwa. Wengine waliingia uani, wengine walibaki nje ya masale wakishika matawi kana kwamba wamepita tu. Tito alikuja na barakoa chini ya kidevu. Zita alikuja na wanawake wa kikundi, wakasimama pamoja. Mbege ilikuwa ndani ya pipa la mbao katikati ya uwanja, na kando yake viti viwili vikitazamana, cha Herbert na cha Mwenyekiti.

Sifael alivaa koti lake la vikao. Hakuja na kipaza sauti.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi sikusoma udaktari. Nilisoma mizani. Mwezi mzima nimewaambia msihofu, na ninyi mmeniitikia ndiyo mzee, halafu mmehofu. Sikuwalaumu. Hofu haina masikio. Lakini ina macho. Leo nataka muione kwa macho. Huyu ni Herbert mtoto wa Magdalena. Amekaa humu wiki zote hizi, hajakohoa. Nitakunywa naye. Kesho mtu asiniambie habari ya Wajerumani."

"Aika, mbe," mtu mmoja alisema nyuma kwa Kichaga, na wengine wakapokea: asante, mzee.

"Na sisi tutaipata, Mwenyekiti, au ni ya viongozi?" Tito aliuliza.

"Wewe utaogeshwa kwanza kwenye beseni lako."

Watu walicheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha tumbo, na Digna akakisikia kikizunguka ua mzima na kumgusa hata yeye. Alikuwa amesahau kwamba nyumba yake inaweza kuchekewa vizuri namna ile.

Kazi yake ilikuwa kuchota na kupeleka. Utaratibu wa kata haubadiliki. Mwenye nyumba huonja kwanza. Ndivyo anavyowaambia wageni kwamba hapana sumu. Kisha kata humfikia mgeni, naye hafuti ukingo wake, maana kufuta ni tusi. Digna alichota, akampa mumewe.

Herbert aliipokea kwa mikono miwili. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, lakini hali ya hewa ilikuwa ya mvuke na kila mtu alikuwa na jasho. Alikunywa. Kikohozi kilimpanda naye akakishikilia, mashavu yakavimba, macho yakajaa maji. Akakimeza.

"Mbege hiyo au pilipili?" Tito alisema.

"Kali," Herbert alisema. Sauti ilitoka nyembamba. Akamrudishia mkewe kata.

Kati ya kiti kimoja na kingine palikuwa na hatua chache tu, kiasi cha mtu kuvuka mfereji. Digna alizianza. Mbele yake Sifael alikuwa ameshanyoosha mkono. Aliuona ukirudi haraka kujifuta kwenye koti, kisha ukanyooka tena, umekazwa, kama mkono wa mtu anayechomwa sindano mbele ya wajukuu zake. Mzee alikuwa anaogopa. Alikuwa anaogopa kuliko Tito, kuliko Zita, na alikuwa anakuja kunywa hivyo hivyo, halafu aende nyumbani akamsugue mkewe mgongo.

Nyuma ya mzee alisimama Zita. Digna alimtazama usoni. Uso wa Zita ulikuwa umekwisha kulainika.

Digna alisimama. Akainua kata, akaiweka mdomoni mwake, akanywa. Hakuonja, alikunywa yote, koo likipanda na kushuka, machicha ya ulezi na yote, mpaka akaigeuza juu chini na tone la mwisho likaanguka kwenye udongo.

Kisha mtu mmoja akapiga mluzi.

"Mama Aika alikuwa na kiu," Tito alisema.

"Ni malezi," mwanamke mmoja akasema kwa chini. "Kwao kule Kahe hawana mbege, wana mpunga."

Sifael alikuwa bado amenyoosha mkono. "Si kitu," alisema kwa upole. "Jaza nyingine, mwanangu."

"Sijazi, meku."

"Jaza."

"Baba Aika anachemka tangu alfajiri. Anakohoa. Sijui ni nini, huenda ni malaria. Alikuwa mzima wakati mnamkimbia. Sasa si mzima. Usinywe."

Hakuna aliyekimbia. Walirudi nyuma taratibu, kama maji yanavyorudi ukitia udongo mdomoni mwa mfereji, na walipofika kwenye masale wakageuka, wakaenda. Tito alipandisha barakoa yake. Zita aliondoka wa mwisho, bila kuaga. Herbert aliinuka kitini akaingia ndani na kufunga mlango, na sasa alikohoa bila kujizuia, na kikohozi kilisikika mpaka barabarani.

"Na mbege yangu?" Bibi Magdalena aliuliza. Hakuna aliyemjibu.

Sifael alibaki kwenye kiti chake. Alionekana mzee kuliko asubuhi.

"Ungeniambia pembeni," alisema.

"Pembeni ungefanya nini?"

Alifikiri. Hakuwa mtu wa kupunja hata katika jibu. "Ningekunywa. Nilishawaambia nitakunywa."

"Ndiyo maana sikukuambia pembeni."

Alitikisa kichwa polepole. "Sasa niwaambie nini watu hawa, Mama Aika?"

"Waambie ulichokiona."

"Hicho hakitawatuliza."

"Kile kingine kiliwatuliza?"

*

Herbert hakusema na mkewe usiku ule wala kesho yake. Siku iliyofuata alisema neno moja, akiwa amegeukia ukuta: "Umeniuza."

"Nimekuuza kwa nani?" Digna alisema, akimwekea uji. "Nani ananunua kitu cha nyumba hii?"

Muuguzi wa zahanati alikuja na koti la mvua lililofungwa mpaka shingoni. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Alitoa vidonge vya homa, akasema mgonjwa akae peke yake, bibi ahamie jikoni, pumzi ikimbana wapige simu mara moja. Bibi Magdalena akahama na mkeka wake na pipa lake, akisema moshi wa kuni haujawahi kumchongea mtu.

Jioni ile kipaza sauti kilisikika kama kawaida, kikitoka upande wa kanisani. Sifael alisoma maelekezo yote. Alipofika kwenye vyombo akarudia, msichangie vyombo, na akasita kidogo. Kisha karatasi ikasikika ikikunjwa.

"Ndugu zangu. Nilikuwa nawaambia tuko salama. Sijui kama tuko salama. Kwa Herbert kuna mgonjwa. Ugonjwa hatujaujua. Msiingie uani kwake. Lakini njia ya pale ni ya wote, piteni, na mkipita salimieni. Mimi juzi nilitaka kunywa kata ile ili msiogope. Nilikuwa naogopa kuliko ninyi. Yule mama alininusuru. Basi."

Wapo waliosema mzee amechanganyikiwa, kiongozi hasemi sijui kwenye kipaza sauti. Tito alisema angekuwa yeye angejiuzulu. Hata hivyo asubuhi watu walipita barabarani na kuita juu ya masale: "Mama Aika, mmeamkaje?" na Digna aliitikia akiwa mlangoni: "Tumeamka. Bado homa." Kesho yake: "Mmeamkaje?" "Kifua kinabana, lakini amekula." Hakupunguza wala hakuongeza. Mtu mmoja alitundika mkungu wa ndizi kwenye nguzo ya lango. Mwingine alimwita kumwambia kwamba majani ya mfereji wa juu yamekuwa mengi, akakate ya ng'ombe.

Zita alipita kila siku na keni yake, na kila siku alisimama, upande wake wa barabara. Siku moja alisema:

"Siku ukisema amepona, nitaishusha keni hapa."

"Nikisema mimi? Mwenyekiti asije kwanza kuangalia?"

"Mwenyekiti alikuwa tayari kunywa," Zita alisema. "Sema wewe."

"Na mnunuzi wa mjini?"

"Mnunuzi niachie mimi. Nitamwambia ni maziwa ya yule mwanamke asiyeficha."

Digna alimweleza mumewe maneno hayo akiwa nje ya mlango wa chumba. Herbert aligeuka kutoka ukutani.

Homa ilimwachia kidogo kidogo. Alianza kutoka kukaa kibarazani jua likijitokeza, amejifunga blanketi, shingo imekuwa nyembamba. Bibi alimtumia mtori wa ndizi kutoka jikoni, na baada ya kijiko cha pili Herbert akamwita mama yake kwa sauti, akamwambia umezidi chumvi. Bibi Magdalena alitoka mlangoni mwa jikoni akiwa ameshika mwiko, tayari kugomba, kisha akakaa chini kwenye kizingiti na kulia.

Siku zilizofuata hakukohoa tena. Asubuhi moja aliamka kabla ya mkewe, akanyoa ndevu, akavaa lile shati la ibada, akasimama kibarazani mahali ambapo mtu wa barabarani angemwona.

"Leo sema," alimwambia.

"Leo nitasema."

Digna alikwenda zizini na ndoo. Tangu usiku miguu yake ilikuwa mizito, na alijiambia ni kazi ya kulala akisikiliza pumzi za mtu. Aliegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe akaanza kukamua. Ng'ombe huwa na joto, na kwa muda hakuweza kujua joto lile lilikuwa la nani. Kisha baridi ikamshika kutoka kisigino mpaka kisogoni, meno yakagongana, naye akaelewa. Alikamua mpaka mwisho, maana ng'ombe haachwi na maziwa kwa sababu mtu anaumwa. Akafunika ndoo kwa kitambaa cheupe, akaenda langoni, akaiweka chini upande wake.

Zita alikuja. Alitazama juu ya masale, akamwona Herbert kibarazani, wima, amenyoa.

"Mmeamkaje, Mama Aika?"

"Tumeamka. Baba Aika amepona."

"Umesema?"

"Nimesema. Hana homa, hakohoi, anagombana na mama yake."

Zita alivuka barabara. Ilikuwa mara ya kwanza tangu masika yaanze. Alifika langoni akaanza kulegeza kifuniko cha keni akiwa bado ameibeba. Kule kibarazani Herbert alikuwa ameshikilia nguzo, akitabasamu kama mtu aliyefikishwa kileleni.

"Haya, lete ndoo. Gari linapita."

Digna hakuiinua. Alirudi nyuma hatua moja, akajifunika pua na mdomo kwa upindo wa kitenge.

"Rudi kule, Zita. Yeye amepona. Sasa ni mimi."

Zita alirudi upande wake wa barabara. Kule mbali gari la mjini lilipiga honi, likapiga tena. Alishusha keni kutoka kichwani, akaiweka chini kwenye matope, akakaa juu ya jiwe lililokuwa hapo.

"Tangu lini?" aliuliza.